Bi Kofia Hajapanda

Tulipomaliza khitma ya Ami Seif, wanaume wakiwa bado sebuleni na vikombe vya kahawa, sisi wanawake tuliingia chumbani kwake kupanga vitu. Hakuacha vingi. Suti mbili, kofia za viua, redio, chupa tupu za matone ya macho ambazo hakuna aliyekumbuka kuzitupa, na kopo moja la bati, la mviringo na bapa, pana kama sinia dogo, limekwaruzika kila upande. Binti wa jirani akalitikisa. "Hili la nini? Nitie kwenye taka?" Nikamnyang'anya. Nilimnyang'anya vibaya mpaka wenzangu wakaangaliana, na mtoto wangu mdogo niliyekuwa nimempakata akaanza kulia. Sikuomba radhi. Watu wameshanizoea, husema mke wa Nassor ana hasira za karibu, na ni kweli. Lakini hasira ya siku ile ilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na ilizaliwa katika flati hiihii ya Ilford, London, juu ya duka la sari, mwaka ambao mimi na binti yangu Rahma tuliishi hapa na mzee huyu bila ya kutaka.

Habari za nani kamzaa nani naziruka. Anayezitaka akakae na mama mkwe wangu, atapewa mpaka babu wa saba. Inatosha kujua kwamba Ami Seif alikuwa ami yake mume wangu, kwamba aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi akiwa kijana, na kwamba nilipomkuta mimi alikuwa mzee wa peke yake, jicho la kushoto limeshakufa na la kulia linajifunga polepole kutokea pembeni. Presha ya macho, walisema hospitali. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, nimeletwa. Nassor alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha mikate huko kaskazini, akaniambia nikae kwa ami yake miezi miwili tu, nimtie mzee dawa, wakati yeye anatafuta nyumba. Miezi miwili ikazaa mwaka. Alikuja Jumamosi na nguo chafu, akaondoka Jumapili na nguo safi. Kila Jumapili alasiri nilimbeba Rahma, tukamsindikiza mpaka stesheni kubwa mjini, tukasimama jukwaani hadi mkia wa treni upotee, mtoto analia, mimi nimekunja uso. Kisha tukarudi kwa mzee, kwenye matone.

Flati ilikuwa na vyumba viwili na jiko ambalo watu wawili hawawezi kupishana bila kugusana. Harufu ya ubani na nguo mpya ilipanda kutoka dukani, na harufu ya samaki wangu ikashuka, na mwenye duka, Mhindi wa Kisumu, alikuwa akigonga dari kwa mpini wa ufagio na kupiga kelele, "Zuhura, samaki tena? Wateja wangu wanaoa, hawazikani." Nikamjibu kwa kukanyaga sakafu. Ami Seif hakugombana na mtu. Hiyo ndiyo iliyonikera zaidi. Mimi natupa sufuria kwenye sinki, yeye anasema, "Polepole mwanangu, sufuria haina kosa." Nikamwambia siku moja kwamba mtu mpole kupita kiasi ni kama mlango usio na komeo, kila mtu anaingia. Akacheka, akasema, "Na wewe ni komeo lisilo na mlango."

Rahma alikuwa na miaka mitatu na hakuwa akila. Nilibembeleza, nikatisha, nikaimba, nikalia mimi. Adhuhuri moja Ami Seif akavuta kiti karibu, akasafisha koo, akaanza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu aliyekaa. "Mabibi na mabwana, wazee kwa watoto. Mnakiona sasa kijiko kinatoka stesheni. Kimepakia wali na mchuzi wa papa. Kinapanda mlima. Mbele kuna pango. Je, pango litafunguka?" Likafunguka. Kijiko cha pili kikapata kuharibika njiani, kikatengenezwa, kikaingia. Cha tatu kilikimbizana na ng'ombe. Sahani ikaisha, na mtoto akasema kwa Kiingereza kwamba anataka tena. Hata wakati ule Kiswahili alikisikia na kujibu kwa lugha ya televisheni. Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa cha vyombo mkononi, nimekasirika kama mtu aliyeibiwa.

"Kelele hizi umejifunza wapi, Ami?"

"Serikalini," akasema.

Ndipo nikaijua kazi yake. Kabla ya Mapinduzi palikuwa na gari la sinema lililozunguka mashamba. Linafika kijijini, shuka jeupe linafungwa baina ya miti miwili, mashine inawashwa nyuma ya gari, watu wanakaa chini kwenye mikeka. Filamu ni za Kiingereza, na watu hawajui Kiingereza, basi pembeni husimama kijana na kipaza sauti akiwaeleza wanachokiona. Kijana huyo alikuwa yeye. Alieleza usafi wa visima, alieleza ukaushaji wa karafuu kwa watu waliokuwa wakianika karafuu tangu hajazaliwa. Na palikuwa na mkanda mmoja usio na sauti kabisa, wa zamani sana, uliopigwa Uingereza wakati kamera zenyewe ni ngeni, watu ndani yake wanatembea mbiombio kama wanaochomwa na mchanga wa moto miguuni. Ulikuwa ni magari ya moshi. Injini tu, moja baada ya nyingine, na mwishoni stesheni.

"Haukuja na maelezo yoyote," akasema. "Bwana mkubwa wangu alinipa mkanda, akaniambia, haya ni magari ya moshi, sema."

"Ukasema nini?"

"Nikasema."

Mwaka mzima niliusikia mkanda ule kabla ya kuuona. Alikuwa akiusema wakati namtia matone, kichwa amekiegemeza nyuma ya kiti, macho yamefumbwa, machozi ya dawa yanateremka masikioni. "Huyu wa kwanza msimwone ana shingo ndefu mkamcheka. Anakula makaa, anakunywa maji, hagombi na mkewe. Yule mwenye uso mweusi anayemlisha si mwenzetu, ni Mzungu. Yale ni masizi. Sasa tazameni gurudumu. Simameni wewe na nduguyo, mmoja juu ya mabega ya mwenziwe, ndiyo mtalifikia. Na hili sinia kubwa la chuma, gari la moshi limepanda juu yake, wanaume wanalisukuma kwa mabega ligeuke. Maana injini haijui kugeuka yenyewe, ni kama mume aliyepotea njia." Wazee waliokuwapo mkekani, waliokumbuka gari la moshi lililokuwa likienda Bububu zamani, walikuwa wakimkatiza. Letu lilichoma mapaa ya watu kwa cheche, walisema. Hili linachoma nini? Na Ami Seif aliwajibu kwamba hili halijapata paa la makuti, lingepata wangeliona.

Mwisho wa mkanda ndio uliokuwa na mtu. Treni inaondoka stesheni, na mwanamke mwenye kofia kubwa, imejaa maua kama kaburi la mtawa, anakimbia ubavuni mwake. Treni inaondoka, yeye anabaki, mkanda unaisha. Watu wa mashamba wakamwita Bi Kofia. Ami Seif aliwaambia bibi huyu kachelewa. Mara ya kwanza alisahau ufunguo. Gari lilizunguka kisiwa, likarudi kijiji kilekile baada ya miezi, na kabla shuka halijafungwa watu wakawa wanauliza, Bi Kofia keshapanda?

"Hawakujua kwamba mkanda ni uleule?" nilimuuliza.

"Wakijua vizuri sana. Lakini miezi sita imepita, mwanangu. Mtu hawezi kuchelewa miezi sita."

Kwa hiyo alitafuta sababu mpya kila safari. Mtoto alikuwa hajaamka. Mchuzi uliungua. Mvua. Na kijijini Donge, bibi mmoja mkongwe alisimama katikati ya onyesho akasema huenda mwanamke yule ana njaa, ndiyo maana hakimbii vizuri. Na gari lilipokuwa linafungwa akamletea Ami Seif kikapu cha visheti. Masurufu ya Bi Kofia. Mpelekee, alisema, nyinyi wa serikali mnajua njia.

Hadithi hii nisingeiamini lau si Bi Salma. Bi Salma alikaa mtaa wa pili, mwanamke mnene wa Donge mwenye vicheko vya ghafla, alikuwa akifanya kazi ya kuwaangalia wazee wa Kizungu na kila Ijumaa alikuja kula kwetu. Mwenye visheti alikuwa bibi yake mzaa mama, na yeye Salma, mtoto wa miaka saba, ndiye aliyevikoroga na sukari. "Nilinyimwa hata kimoja," alikuwa akisema. "Kimoja tu. Nikaambiwa ni vya msafiri." Kisha anamgeukia mzee. "Vilifika, Bwana Seif?"

"Havikufika hata Mahonda."

"Mlafi."

"Dereva alinisaidia."

Mahonda ni hapohapo jirani na Donge. Walisema hivyo kila Ijumaa, maneno hayohayo, na kila Ijumaa walicheka upya, nami nikiosha vyombo nikiwaza kwamba hawa wana kitu cha kuchekea pamoja na mimi sina. Mapinduzi hawakuyataja. Walisema "ile siku", kisha mmoja wao akauliza kama muhogo umeiva. Nilijua tu kwamba baada ya ile siku gari la sinema halikutoka tena na Ami Seif alisafiri, na kwamba mkanda ule alikuwa nao mkononi siku aliyotoka kazini, akaondoka nao. Ulikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya kopo la bati. Tangu afike Ulaya hakupata kuuona. Mashine ya kuonyeshea hakuwa nayo, na hakuwahi kumuuliza mtu. Na jicho la kulia lilikuwa linafunga.

"Unataka nini, Ami?" nilimuuliza siku aliyorudi kutoka kliniki akiwa ameambiwa matone hayasaidii tena. Nilimuuliza kwa ukali, ndivyo nijuavyo kuuliza. Akaiweka chai chini.

"Nataka niuseme mara moja tena. Mbele ya watu. Niuone na niuseme, kisha Mungu achukue jicho lake."

Nikaingia barabarani. Sikuwa na elimu kubwa wala sikumjua mtu, lakini kwenye maktaba ambako nilimpeleka Rahma kuangalia vitabu vya picha palikuwa na mzee mmoja wa kujitolea anayeitwa Ken, mwenye ndevu nyeupe, ambaye sweta lake lilifumwa injini kifuani. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba nina mkanda wa injini. Akaniangalia kama mtu anayefanyiwa mzaha. Siku ya pili alikuja kwetu. Alikula ndizi za nazi bila kujua anakula nini, macho yake yako kwenye kopo, na Ami Seif alipomruhusu alivuta kipande cha mkanda kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa kioo kidogo, akahesabu magurudumu kwa ncha ya kidole bila kukigusa. Alinieleza kwamba injini ile ya tatu yeye ameiona kwenye picha moja tu maisha yake yote; zenyewe zilikatwa vyuma zamani, hakuna hata moja iliyobaki. Alikuwa katika chama cha wapenzi wa treni za zamani, wanakutana ukumbini karibu na Rayners Lane, upande wa pili wa London, mashine wanayo. Akauliza mzee anataka nini ili awaachie mkanda.

"Mwambie mkanda atauchukua," Ami Seif akasema. "Mimi nataka kusema."

"Aseme nini?" Ken akauliza.

Nikamtafsiria. Ami Seif akafikiri. "Mwambie, kusema tu."

Hapo ndipo pakawa na tabu. Chama kile kilikuwa na desturi zake. Wanaangalia kimya, na mtu mmoja anayejua anataja injini, nani aliitengeneza, iliendeshwa njia gani. Ken mwenyewe hakuwa na neno, lakini wenzake walitaka kujua mzee wa Zanzibar ataongeza nini juu ya injini za kwao. Ukumbi nao umejaa mpaka baada ya kiangazi. Nikampigia simu mara ya kwanza kwa adabu, ya pili bila adabu. Mara ya tatu nilimwambia wazi, "Bwana Ken, wewe una Septemba. Mzee wangu hana Septemba." Nilikuwa nimejifungia bafuni nisisikike, na nilipotoka Ami Seif alikuwa amekaa palepale, uso ameuelekeza mlangoni. "Usimgombeze Mzungu wa watu," akasema. "Mimi naona. Naona vizuri sana." Nikamwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini, na kwa sababu alikuwa akichukua kikombe chake mezani bila kupapasa. Sikufikiri kwamba kikombe nilikuwa nikikiweka mahali pamoja kila siku.

Tulipata Jumamosi moja ya Agosti, alasiri. Nassor alisema hawezi, ana zamu. Nikakata simu. Ami Seif alivaa suti ya kijivu na kofia ya viua, tukapanda treni na Bi Salma na wanawake wawili wa kwao, Rahma miguuni, na sambusa kwenye sinia lililofunikwa kanga. Ukumbini palikuwa na wazee wa Kizungu na chupa zao za chai, kila mmoja kaleta sandwichi yake na kaila peke yake, jambo lililomhuzunisha Bi Salma hata akaanza kuwagawia sambusa bila kuulizwa. Mapatano yalikuwa mkanda upite mara mbili. Mara ya kwanza atasema mtu wao. Mara ya pili atasema mzee.

Taa zikazimwa, mashine ikaanza kunguruma, na kwa mara ya kwanza nikaziona. Sikutegemea kuzipenda. Mimi treni ilikuwa inanichukulia mume. Lakini zilitoka kwenye mwanga mweupe uliojaa michirizi, nyeusi, zinang'aa, bomba refu likitapika moshi uliotanda mpaka ukafuta mti, nyumba, mbingu. Fimbo ya chuma inazungusha gurudumu kama mwanamke anayesaga. Na mtia makaa mwenye masizi akageuka akatutazama, akacheka, mtu aliyekufa kabla bibi zangu hawajazaliwa. Bwana wao alitaja injini kwa sauti ya chini, na wazee wakanung'unika kama watu walioonyeshwa wajukuu. Nikamgeukia Ami Seif nione anavyofurahi. Alikuwa ameinua kichwa, anatabasamu, na macho yake yametazama ukuta, hatua nzima pembeni ya shuka.

"Wameshafika kwenye sinia la kugeuzia?" akaninong'oneza.

Nilitaka kumpiga kofi. Nasema kweli. Nilikaa kwenye kiti kile gizani na hasira ikanipanda mpaka masikio yakavuma: ya matone, ya simu za bafuni, ya kikombe. "Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwezi uliopita. Ningekwambia, ungempigia Ken mara ngapi?"

"Sasa utasema nini na huoni?"

"Mkanda naujua. Ila mashine hii inakwenda haraka kuliko yetu, sijui wamefika wapi." Akanishika mkono wa nguo. "Wewe si una macho?"

Basi mkanda ukarudishwa mwanzo, akapewa kipaza sauti, akasimama. Nami nikasimama nyuma yake, mdomo karibu na sikio lake. Shingo ndefu, nikanong'ona, na ukumbi mzima ukasikia, "Mabibi na mabwana, wazee kwa watoto." Ilikuwa ile sauti ya kijiko, lakini sasa ina mahali pa kwenda. Mtia makaa. Gurudumu. Sinia. Wanawake wetu walikuwa wameshaanza kumjibu, kama walivyojibu mkekani, "Letu la Bububu lilichoma mapaa," na Bi Salma akacheka mpaka akapiga chafya. Wazee wa Kizungu hawakuelewa neno, lakini niliona wanaacha kutazama shuka, wanamtazama yeye. Kisha ikaja stesheni.

Mara ya kwanza nilikuwa nikimwangalia Ami Seif, mwisho wa mkanda sikuuona. Sasa nikamwona Bi Kofia. Alikimbia ubavuni mwa treni kama nilivyosikia mwaka mzima, kofia inayumba. Lakini mikono yake. Moshi ulipita, ukafunika nusu ya picha, na ukipita upesi hivyo, na mtu keshakwambia kwamba amechelewa, usingeona. Mimi nilikuwa macho ya mtu mwingine, nikaona.

"Kapanda, Bwana Seif?" Bi Salma akauliza gizani. "Leo kapanda?"

Ami Seif akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Zuhura. Unamwona?"

"Namwona. Ami, mwanamke huyu hana mzigo. Hana hata mkoba. Kapenyeza kifurushi dirishani, mtu wa ndani kakipokea. Sasa amegeuka, anakuja huku."

"Kageuka kabla treni haijamaliza kupita?"

"Kabla."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa alichoagiza. Akaondoa kiganja. "Mabibi na mabwana," akasema, na sasa hakupaza. "Bi Kofia hajapanda. Hatapanda. Tangu mwanzo huyu hakuwa msafiri. Alikuja kusindikiza."

Shuka likawa jeupe, mashine ikabaki inapiga mkia wa mkanda, tap tap tap, na hakuna aliyewasha taa. Nikafikiri Bi Salma atakasirika, maana aliungojea mwisho ule tangu ana miaka saba. Akauliza tu, "Na kile kifurushi alichompa mtu?"

"Kifurushi kile," Ami Seif akasema, "visheti. Kutoka Donge."

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka Rahma akaziba masikio. Bi Salma alikuwa anacheka, kisha akawa hacheki tena, ameshika kanga machoni. Ken akaja akaniuliza mzee amesema nini. Nikamwambia, amesema yule mwanamke alikuwa anamsindikiza mtu. Ken akasema, kwa upole kabisa, kwamba hilo mbona linaonekana.

Kwenye treni ya kurudi, wenzetu wamelala vitini, nilimuuliza Ami Seif kama alijua. Alijua tangu jioni ya kwanza, akasema. Macho yake wakati ule yalikuwa mazuri kuliko yangu. Lakini alikuwa kijana, na alidhani msindikizaji hana hadithi, hadithi ni ya anayekwenda. Kisha ikaja ile siku, na baadaye akapata meli. Mama yake alimsindikiza bandarini, akampa chakula kwenye kitambaa, na kabla kamba hazijafunguliwa akageuka akaenda zake. "Hakuniangalia. Nilimchukia kwa hilo miaka mingi. Bi Kofia alikuwa chini ya kitanda changu wakati wote, na sikufahamu." Mama yake hakumwona tena. Rahma alikuwa amelala mapajani mwake, na yeye alikuwa anapapasa viatu vya mtoto, kimoja kimoja, kuhakikisha vyote viwili vipo.

Jumapili ya wiki iliyofuata nilikwenda stesheni kama kawaida. Nilimpa Nassor mfuko wake wa chakula, nikamshika Rahma mkono, nikageuka, nikaondoka kabla milango haijafungwa. Sikufanya kwa hekima, nisijisifu. Nilikuwa nimechoka kusimama pale. Simu ikalia kabla sijafika Ilford.

"Kwani umekasirika?" akauliza.

"Nimekasirika tangu Januari."

Nilisikia treni yake inavuma. "Sikujua," akasema. "Ulikuwa ukisimama pale mpaka mwisho, nikijua umeridhika." Ilipofika baridi alikuwa amerudi London, anaendesha gari la kusambaza mikate, na sisi tukapata flati yetu mtaa wa nyuma, karibu kiasi cha mimi kuja kumtilia mzee chai asubuhi na jioni mpaka mwisho wake. Mkanda Ken aliuchukua, wakautunza vizuri. Kopo Ami Seif alilirudisha. Bi Salma alikuwa akilijaza visheti kila Idi, na kila Idi tukigombana nani amevimaliza, mzee akisema havikufika hata Mahonda.

Binti wa jirani hakuyajua haya, na mimi sikumweleza. Nililiosha kopo, nikalikausha. Wiki mbili baadaye Rahma alikuwa anakwenda chuo kikuu, mji wa mbali, na begi kubwa kuliko yeye. Nilikaanga visheti usiku kucha nimejawa na hasira, kwamba miaka kumi na minane inakwisha hivi, na kwamba yeye anauliza kwa Kiingereza kama huko ataruhusiwa kupika chumbani. Asubuhi nikampeleka stesheni ya Ilford. Akataka nije naye mpaka mjini, au hata Stratford tu, vituo vichache mbele, nikakataa. Nilimpa kopo mlangoni mwa treni. Akaliangalia, akaniangalia, akalikumbatia. Nikageuka. Nilisikia milango nyuma yangu, nikasikia treni inavuta, na nikapanda ngazi nikitazama mbele, mtoto mdogo ubavuni ananivuta ushungi.

Nilikuwa sijafika nyumbani simu ilipotoa mlio. Ilikuwa picha ya kopo la bati magotini mwake, ndani mna chenga za sukari tu, na chini yake ameandika kwa Kiswahili, yeye asiyenijibu kwa Kiswahili hata akiwa na njaa: Havikufika hata Stratford.